Kisima cha Likoni Kinapoonekana Uhispania: Kuzielewa Ramani za Kompyuta

Chukua nambari mbili za mahali pa kisima kimoja cha Likoni: 39.66 na -4.09. Zipishanishe unapoziingiza kwenye programu ya ramani, na kisima kitatua katikati ya Uhispania, kusini ya mji wa Toledo. Sahau ile alama ya kutoa, na kisima kitahamia Ethiopia, ng'ambo ya Moyale. Programu haitakuonya. Itachora nukta yake vizuri, kwa rangi uliyoichagua, mahali pasipo pake. Hapo ndipo wanafunzi wengi huvunjika moyo, wakaamua kwamba programu ni mbovu kwa sababu ni ya bure, au kwamba kazi hii ni ya wahandisi pekee. Yote mawili si kweli. Kinachowaangusha ni jambo moja dogo ambalo hawakuelezwa siku ya kwanza, kwamba nambari za mahali hazisomeki mpaka ujue zimehesabiwa kuanzia wapi na kwa kipimo gani, na makala haya yameandikwa hasa kwa ajili ya jambo hilo.

Tuanze na maneno yenyewe, maana tangu serikali ianzishe Ardhisasa, mfumo wake wa ardhi wa mtandaoni, mwaka 2021, na tangu waendesha tuktuk waanze kufuata ramani za simu, "ramani ya kidijitali" imekuwa kauli ambayo kila anayeitumia ana maana yake.

Ramani ya kompyuta si picha. Ni daftari. Fikiria daftari la visima: kila mstari ni kisima kimoja, na safu zake zinataja jina la mtaa, kina kwa mita, mwaka wa kuchimbwa, kama maji ni ya chumvi au la. Safu moja ya ziada imebeba mahali kilipo kisima hicho. Picha unayoiona kwenye kioo ni kile tu ambacho programu imekichora baada ya kulisoma daftari. Ukibadilisha rangi ya nukta hujakigusa kisima. Ukifuta mstari kwenye daftari, kisima kimetoweka.

Kila daftari la namna hii huitwa tabaka. Visima ni tabaka, vyoo ni tabaka, barabara ni tabaka, mipaka ya wadi 30 za Kaunti ya Mombasa ni tabaka. Programu huyapanga moja juu ya jingine kama vioo vyenye michoro. Na kila kitu ndani ya tabaka huwa na umbo la aina moja kati ya tatu: nukta, mstari au poligoni, yaani eneo lililozungushiwa mpaka. Njia ya feri ya Likoni ni mstari. Wadi ya Timbwani ni poligoni. Soko la Kongowea laweza kuwa nukta kwenye ramani ya nchi nzima na poligoni kwenye ramani ya mpangaji mji. Uamuzi ni wako, kulingana na swali unalotaka kujibu.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi: yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuuchunguza msimbo huo, kuurekebisha na kuugawa, bila kulipia leseni. QGIS, programu huria ya ramani ambayo ndiyo inayofundishwa zaidi, ilianzishwa na Gary Sherman mwaka 2002 kwa jina la Quantum GIS. Ukiiweka kwenye kompyuta moja au arubaini, gharama ya leseni ni ile ile, sufuri. Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa programu ni huria, data zao nazo zitakuwa wazi kwa ulimwengu. Sivyo. Orodha yako ya visima inabaki kwenye diski yako mpaka wewe mwenyewe uitoe.

Kuiweka si kazi kubwa. Pakua kutoka qgis.org toleo linaloitwa LTR, yaani lile linalodumishwa kwa muda mrefu, hata kama pembeni kuna jingine jipya zaidi. Faili lina ukubwa wa karibu GB 1, kwa hiyo tafuta Wi-Fi. Kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 8 inatosha vizuri. Ya GB 4 itaweza kazi ya wadi moja, lakini itasota ukiifungulia picha kubwa za setilaiti. Kama mnajifunza kikundi, wekeni wote toleo moja. Nusu saa ya kwanza ya mafunzo mengi hupotea kwa sababu menyu ya mmoja haifanani na ya mwenzake.

Nambari za mahali

Latitudo husema uko umbali gani kaskazini au kusini mwa ikweta. Longitudo husema uko umbali gani mashariki au magharibi mwa Greenwich. Mombasa yote iko kusini ya ikweta, kwa hiyo kila latitudo yake hubeba alama ya kutoa. Utata unatokana na mazoea: mdomoni tunataja latitudo kwanza, lakini programu nyingi huuliza X kwanza, na X ni longitudo. Kwa Mombasa kuna njia rahisi ya kukumbuka: 39 hutangulia, na 4 huvaa alama ya kutoa. Hakuna kisima cha kaunti hii ambacho longitudo yake haianzi na 39. Ukiona mstari unaoanza na -4 kwenye safu ya X, simama hapo hapo.

Kosa jingine linafichika zaidi. Ramani za karatasi na baadhi ya vifaa vya GPS huandika mahali kwa digrii na dakika, kwa mfano 4°03'. Mtu huiandika kama 4.03 akaendelea na safari. Lakini digrii moja ina dakika 60, kama saa ilivyo: saa moja na nusu haiandikwi 1.30 ukitaka kuzidisha, huandikwa 1.5. Kwa hiyo 4°03' ni 4.05. Tofauti ya 0.02 inaonekana ndogo, lakini digrii moja ni karibu kilomita 111, na hiyo 0.02 ni zaidi ya kilomita mbili. Umetoka Mji wa Kale ukavuka bahari.

Angalia pia tarakimu baada ya nukta. Tarakimu tano zinakufikisha kwenye mita moja hivi. Tatu ni mita 110. Mbili ni kilomita nzima na zaidi. Programu za majedwali hupenda kukata tarakimu bila kukuambia, na dalili yake ni rahisi kuitambua: ukifungua ramani, visima vyote vimejipanga kwenye mistari iliyonyooka kama miche ya shambani.

Ni za saa ya nani?

Sasa tufike kwenye lile jambo lenyewe. Mtu wa Mombasa akikwambia mkutane saa mbili asubuhi, unajua jua limeshapanda. Mgeni anayehesabu kwa saa za Kizungu akiisikia "mbili" hiyo atafikiria kiza cha usiku. Hakuna aliyekosea. Tofauti ni pale kila mmoja anapoanzia kuhesabu: sisi huanza kwenye mapambazuko, yeye huanza katikati ya usiku. Nambari ni ile ile, wakati si ule ule.

Nambari za mahali zina tabia hiyo hiyo. Haziwezi kusomeka mpaka ujue zimehesabiwa kuanzia wapi na kwa kipimo gani. Jibu la swali hilo huitwa mfumo wa marejeo, na kila mfumo umepewa namba yake kwenye orodha ya kimataifa iitwayo EPSG ili watu wasibishane majina. Kwa kazi za Mombasa utakutana hasa na mitatu. 4326 ni ule wa GPS ya simu, unaohesabu kwa digrii. 32737 unaanzia mahali pale pale lakini unahesabu kwa mita, na unafaa ukanda wa dunia ulio kati ya longitudo 36 na 42 kusini ya ikweta; ndani yake kile kisima cha Likoni kinakuwa karibu 573,000 na 9,548,000. Wa tatu ni 21037, unaoitwa Arc 1960, ambao ndio wa ramani za zamani za Survey of Kenya za kipimo cha 1:50,000. Huu nao unatumia mita, na nambari zake zinafanana mno na za 32737. Ni mfanano wa hatari. Ukizisoma nambari za Arc 1960 kana kwamba ni za 32737, kila kitu kitasogea zaidi ya mita 300, sana sana kuelekea kaskazini. Mita 300 hazionekani ukiitazama ramani ya kaunti nzima, ila zinatosha kukitoa kisima cha ufuoni kukitia majini. Michoro mingi ya ploti ya zamani ina mfumo mwingine tena, wa Cassini, unaohesabu kwa futi. Hiyo usiiguse kabla hujaonana na saveya.

QGIS ina amri mbili ambazo wanaoanza huzichanganya kila mara. Ya kwanza, "Set Layer CRS" (CRS ndio mfumo wa marejeo), hubandika lebo tu. Ya pili, "Reproject Layer", hutafsiri nambari zenyewe. Rudi kwenye miadi ya saa mbili. Ukiandika pembeni yake "za Kizungu" bila kuigusa ile mbili, umeihamisha miadi kwa saa sita na mtu atakosa kuonana na mwenzake. Ukitafsiri, mbili inakuwa nane, na miadi imebaki pale pale. Kubandika lebo ni halali pale tu faili limekuja bila lebo, au limekuja na lebo unayojua kwa hakika kuwa si yake. Vinginevyo, tafsiri. Naomba msomaji asome aya hii mara ya pili, kwa sababu sehemu kubwa ya ramani zinazotupwa huharibikia hapa.

Makosa ya lebo yana dalili zake. Ukibandika 32737 kwenye nambari za digrii, visima vyote vitajikunja kuwa nukta moja huko Antaktika, kwa kuwa mfumo huo unahesabu mita kutoka upande wa kusini wa dunia na wewe umeupa mita chache tu. Ukichagua 32637 badala ya 32737, yaani ukanda huo huo lakini wa kaskazini ya ikweta, utavikuta visima karibu na Ncha ya Kaskazini. Ukibandika 4326 kwenye nambari za mita, huoni kitu kabisa, maana hakuna digrii 573,000 duniani.

Kuna mtego mmoja zaidi. QGIS ina mkalimani ndani yake: hata tabaka zikiwa na mifumo tofauti, huzitafsiri zote kwa ajili ya kuchora, na kwenye kioo zinakaa sawa. Mwanafunzi huridhika. Kisha anaiagiza ichore duara la 500 kuzunguka kila kisima, na duara linafunika dunia nzima. Mkalimani alikuwa wa kuchora tu; kwenye kupima, programu imesoma tabaka kwa kipimo chake lenyewe, ambacho ni digrii, nayo ikachukua digrii 500. Kabla ya kupima umbali au eneo, tafsiri tabaka kwenda 32737, lihifadhi kama faili jipya, ndipo upime.

Kazi halisi: visima na vyoo

Njia nzuri ya kujifunza ni kuwa na swali ambalo jibu lake lina faida kwa mtu. Mombasa watu wengi wanategemea visima, na mwamba wa matumbawe chini yetu una matundu ambayo maji machafu hupita kwa urahisi. Miongozo ya afya inayotumika sana inataka choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji ya ardhini. Swali basi ni hili: katika wadi ya Bofu, ni visima gani vina choo karibu kuliko hapo?

Mahali panakusanywa kwa simu, kwa QField au kwa fomu za KoboToolbox, zote mbili huria. Wapo wanaoogopa kwamba GPS itamaliza bando. GPS haitumii bando. Simu husikiliza tu mawimbi ya setilaiti, kama redio. Kinachokula bando ni picha ya ramani inayopakuliwa nyuma yake, na hiyo waweza kuipakua mapema ukiwa na Wi-Fi. Ukifika kisimani, simama mahali peupe, subiri mpaka simu ionyeshe usahihi wa mita 5 au chini yake, ndipo uhifadhi. Kwenye vichochoro vya Mji wa Kale utasubiri zaidi, kwa sababu mawimbi hugonga kuta kabla ya kufika kwenye simu. Fomu za Kobo huhifadhi usahihi huo kwenye safu yake, usiifute.

Ukirudi na faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, lifungue QGIS kupitia menyu ya "Layer", kisha "Add Layer", halafu "Add Delimited Text Layer". Kwenye X weka safu ya longitudo, kwenye Y latitudo, mfumo 4326. Washa tabaka la OpenStreetMap chini yake uone kama visima vimeangukia Bofu. Kisha tafsiri kwenda 32737 na uhifadhi kama GeoPackage. Achana na shapefile, umbo la zamani la kuhifadhi tabaka, kama unaweza: kwa kweli ni mafaili kadhaa yanayotembea pamoja, .shp, .shx, .dbf na .prj, na mtu akikutumia moja tu kwa WhatsApp hujapata kitu. Ikikosekana .prj, lebo imepotea, na umerudi kwenye mashaka ya saa ya nani. Isitoshe, majina ya safu zake hukatwa yakizidi herufi kumi. GeoPackage ni faili moja na haina kasoro hizo.

Kuhusu mita 30, kumbuka kisima kina kosa la mita 5 na choo kina kosa la mita 5. Tafuta kwa mita 40, upate orodha ya visima vinavyoshukiwa, kisha rudini na utepe wa kupimia. Ramani hapa inapunguza idadi ya milango ya kubisha. Hukumu inatolewa na utepe.

Hifadhidata ya mahali ni ya nini?

Kwa mtu mmoja na visima mia mbili, GeoPackage inatosha, na anayekulazimisha kuanza na hifadhidata kubwa anakupotezea muda. Haja inakuja pale watu watano wanapotaka kusahihisha orodha moja kwa wakati mmoja, au nyumba zinapofika laki kadhaa. Mafaili yakigawanywa kwa flashi, baada ya wiki mbili mnakuwa na "visima_mwisho" na "visima_mwisho_kabisa", na hakuna ajuaye lipi ndilo.

Hapo ndipo PostgreSQL inaingia. Ni hifadhidata huria ambayo watu wengi huandika ndani yake pamoja bila kufutiana kazi, na umeme ukikatika ghafla hujirudisha katika hali salama inapowashwa. Peke yake haijui ufuo wala barabara. PostGIS, nyongeza iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2001 na kampuni ya Refractions Research ya Kanada, ndiyo inayoifundisha umbali, mpaka na mwingiliano.

Kwenye Windows, kisakinishi cha PostgreSQL kikimaliza hufungua Stack Builder. Humo chagua PostGIS. Kisha tengeneza hifadhidata mpya na uiandikie:

CREATE EXTENSION postgis;

Amri hii huendeshwa ndani ya kila hifadhidata mpya. Ukiisahau utaambiwa kwamba aina ya "geometry" haipo, na hilo haliponi kwa kusakinisha upya. Baada ya hapo QGIS huunganishwa kwa anwani ya localhost, yaani kompyuta yako mwenyewe, na mlango 5432, na tabaka huingizwa kupitia DB Manager. Andika majina ya majedwali na safu kwa herufi ndogo, bila nafasi. Ukitia herufi kubwa utalazimika kuyafunga kwa alama za mtajo kila unapoyataja.

Lile swali la Bofu sasa linaandikwa hivi:

SELECT v.jina, c.namba
FROM visima v
JOIN vyoo c ON ST_DWithin(v.geom, c.geom, 40);

Hapo geom ni ile safu ya mahali, na ST_DWithin huuliza kama vitu viwili viko ndani ya umbali uliotajwa. Ile 40 ni mita kwa sababu tu majedwali yote mawili yako kwenye 32737. Yangekuwa kwenye 4326 zingekuwa digrii 40, na kila kisima cha Mombasa kingeonekana kimechafuliwa na kila choo. Na wale ndugu wawili wa lebo na tafsiri wako hapa pia: ST_SetSRID hubandika, ST_Transform hutafsiri.

Swali likichukua dakika nyingi, mara nyingi kinachokosekana ni fahirisi ya mahali. Ukitaka kitunguu Kongowea huulizi kila muuzaji kuanzia langoni. Unaelekea upande wa vitunguu. Bila fahirisi, hifadhidata inamuuliza kila muuzaji. Mstari mmoja unatosha:

CREATE INDEX ON vyoo USING GIST (geom);

Fanya hivyo pia kwa visima. Kisha jizoeze kutoa nakala kwa pg_dump, chombo cha nakala kinachokuja na PostgreSQL, kila jioni, ukaiweke nje ya jengo.

Ruhusa, na mpaka wa uwezo wa ramani

OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, husemwa vibaya kwamba kwa kuwa yeyote aweza kuihariri basi haiaminiki. Kila badiliko lake lina kumbukumbu na laweza kurudishwa nyuma, na kichochoro kinachokosekana waweza kukiongeza mwenyewe leo. Data zake ni za bure kwa masharti: utaje chanzo, na hifadhidata utakayoijenga juu yake ukiitoa hadharani uitoe kwa leseni ile ile. Google Maps ni kitu kingine. Kuitazama ni bure, lakini kunakili barabara zake kwenda OpenStreetMap hakuruhusiwi.

Orodha ya vyoo vya watu nayo si mali ya kutandaza mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu mahali miongoni mwa vitu vinavyoweza kumtambulisha mtu. Mwombe ruhusa mwenye nyumba, mweleze ni ya nini, na unapochapisha onyesha idadi kwa mtaa, usionyeshe nukta za nyumba.

Na ploti. Swali hili huulizwa kila mahali: nikizunguka kiwanja changu na simu, nitapata mpaka? Ploti ya futi 50 kwa 100 ina upana wa mita 15 hivi. Kosa la mita 5 ni theluthi ya upana huo, na jirani akizunguka na simu yake atapata theluthi nyingine upande wake. Mpaka wa kisheria husomwa kwenye bikoni na saveya mwenye leseni, kwa vifaa vinavyopima kwa sentimita. Kile ambacho QGIS inakupa ni mchoro wa kumwonyesha unapokwenda kumwita: bikoni ambayo bado unaiona iko wapi, ambayo huioni ilitakiwa kuwa upande gani, na ukuta wa jirani umepita wapi.